Akiba ya Uganda ilikuwa Eldoret

Asubuhi ya tarehe 31 Desemba 2007 dereva mmoja alinipigia simu akiwa Nakuru. Alikuwa amebeba mitumba, kasha la futi arobaini, safari ya Kampala. Matokeo ya urais yalikuwa yametangazwa jana yake na Mwai Kibaki akaapishwa jioni ileile. "Mama, huko mbele wanachoma," akaniambia. "Niende au nilale?" Nikamwambia alale. Alilala Nakuru zaidi ya wiki mbili.

Mimi ni wakala wa forodha hapa Mombasa, na mizigo yangu mingi ni ya transiti, yaani inashuka Kilindini lakini mwenyewe yuko Kampala, Kigali au Goma. Kila Kenya inapokaribia uchaguzi naulizwa swali lilelile, hata na watu waliosoma: Wakenya wakigombana wao kwa wao, Mganda anaumia vipi? Hajapiga kura, hajatukana mtu, na mpaka una polisi pande zote mbili. Nitaeleza kwa yale ya mwanzo wa 2008, ghasia za baada ya uchaguzi, maana niliyaona nikiwa na mafaili mkononi.

Tuanze na mafuta. Uganda haina bahari. Wakati ule karibu mafuta yake yote yalishuka Mombasa, yakaingia kwenye bomba la Kenya Pipeline hadi Nairobi, kisha yakaelekea magharibi. Huko bomba linagawanyika, tawi moja linaishia Eldoret na jingine Kisumu. Kutoka hapo ni kazi ya malori ya tangi: yanatoka Uganda matupu, yanajaza, yanarudi kupitia Malaba au Busia. Jinja kulikuwa na matangi ya akiba ya serikali, lakini msimu ule hayakuwa na kitu cha kutegemewa. Kwa hiyo akiba ambayo Kampala iliishi nayo siku hadi siku haikuwa Uganda. Ilikuwa Eldoret na Kisumu, nchi ya mtu mwingine.

Sasa chukua ramani ya ghasia uiweke juu ya hiyo. Kisumu, ngome ya Raila Odinga aliyeshindana na Kibaki, iliwaka tangu matokeo yaliposomwa. Eldoret ndiko Kiambaa, ambako tarehe 1 Januari 2008 kanisa lilichomwa likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Bado hadi leo nikipita njia ile natazama upande ule nikanyamaza. Burnt Forest, Timboroa, Turbo, kote huko barabara ilizibwa kwa mawe, magogo na matairi yanayowaka. Vurugu hazikusambaa Kenya nzima kwa uzito mmoja, ila mahali zilipokuwa kali zaidi ndipo hasa Uganda ilipokuwa ikichota mafuta yake. Mombasa mafuta yalikuwepo. Lori ndilo halikuweza kufika kwenye geti la bohari, na likifika halikuwa na njia ya kurudi.

Reli nayo ilikatwa, tena mbali kabisa na mpaka. Njia ya kwenda magharibi inapita katikati ya Kibera, Nairobi, mita chache kutoka milangoni mwa watu. Januari ile vijana waliing'oa. Hasira yao ilikuwa ya kura, na wala haikumhusu Mganda. Lakini reli ile ilipojengwa kati ya 1896 na 1901 iliitwa Reli ya Uganda, na wakati ule ukiikata Kibera ulikuwa umeikata Kampala.

Ndani ya wiki ya kwanza bei ya petroli Uganda ilipanda maradufu, na katika miji ya mbali ilipita hapo. Bodaboda ndio walioumia mwanzo. (Jina lenyewe lilizaliwa mpakani: baiskeli zilizokuwa zikivusha watu kati ya vituo vya forodha, waendeshaji wakiita "boda! boda!") Kijana wa pikipiki hana tangi la akiba. Ananunua lita mbili, anazitumia, ananunua tena. Bei ikipanda leo, leo hiihii hana faida. Baada yake wakaja wenye matatu, kisha nauli, kisha ndizi na muhogo zinazoletwa mjini kwa lori. Na kwa kuwa Uganda nayo ni njia ya wenzake, Rwanda ikaanza kugawa mafuta kwa kipimo, na mashariki ya Kongo wakasubiri mabaki.

Hayo ya mafuta yaliandikwa sana magazetini. Kitu ambacho hakikuandikwa ni bondi, na mimi naamini kiliumiza wafanyabiashara wadogo kuliko moto wenyewe.

Mzigo wa transiti haulipiwi ushuru Kenya kwa sababu hautumiki Kenya. Lakini forodha haiwezi kuuachia kwa ahadi ya mdomo. Kutoka Mombasa hadi Malaba ni zaidi ya kilomita 900, na mtu anaweza kuushusha njiani akauuza. Basi wakala anaweka dhamana ya kiasi cha ushuru ambao ungelipwa. Hiyo ndiyo bondi. Lori likivuka, afisa wa mpakani anathibitisha, bondi inafunguka, nami naitumia kutoa mzigo mwingine. Ni kama ndoo ya kisimani: mpaka imwagwe ndipo ichote tena.

Januari ile ndoo yangu ilijaa ikabaki imejaa. Malori yalisimama Mariakani, Mlolongo, Nakuru, na kila lililosimama lilikuwa limeshika sehemu ya bondi. Nilikuwa na wateja waliokuwa tayari kubahatisha safari, lakini sikuwa na dhamana ya kutolea mizigo yao. Makasha yakarundikana bandarini. Na bandari haijui siasa. Siku za bure zikiisha, gharama ya kuhifadhi inaanza kuhesabika, na kampuni ya meli nayo inadai faini ya kasha lake kwa dola, kwa siku. Mama mmoja wa soko la Owino, Kampala, mwenye kasha moja tu la mitumba aliloagiza kwa pesa ya kuchanga na dada zake, alinipigia kila asubuhi kuuliza gharama zimefika kiasi gani. Nilikuwa namsomea namba. Siku ya ishirini hakuuliza tena, akaniambia tu, "Soma." Mpaka kasha linatoka, gharama zilikuwa zimekula faida yote na sehemu ya mtaji.

Kulikuwa na jambo jingine, la uvumi. Rais Museveni wa Uganda alikuwa miongoni mwa viongozi wa kwanza kumpongeza Kibaki, na muda si muda ikasemwa magharibi ya Kenya kwamba askari wa Uganda wamevuka mpaka. Serikali ya Uganda ilikanusha. Lakini uvumi haungoji kukanushwa. Namba za magari ya Uganda zinaanza na herufi U, na kwa wiki kadhaa herufi ile moja ilitosha kumponza dereva. Wale niliokuwa nao walikataa kuondoka Nakuru bila msafara wa polisi, na sikuwalaumu. Kuna siku msafara ulipatikana, kuna siku haukupatikana, na lori lililoharibika njiani liliachwa nyuma. Yule wangu wa mitumba alifika Malaba akiwa hajalala siku mbili.

Watu husahau kwamba njia ile ina pande mbili. Januari ni msimu wa kahawa Uganda, na kahawa husafirishwa nje kupitia Mombasa. Meli haimsubiri mtu, na mkulima wa Mbale halipwi kwa gunia lililokwama Tororo. Mahindi, maharage na mayai ya Uganda yaliyozoea mnunuzi Mkenya yalikosa wa kuyanunua. Upande wetu viwanda vya Nairobi vilikosa soko lao kubwa kuliko yote ya nje, maana Uganda ndiyo iliyokuwa ikinunua zaidi bidhaa za Kenya. Na watu nao walivuka. Wakenya wapatao 12,000 walikimbilia Uganda kupitia Malaba na Busia, wakalala mashuleni na makanisani, kisha wakapelekwa Mulanda, wilaya ya Tororo, na baadaye wengi wakahamishiwa Kiryandongo. Wenyeji wa Tororo waliwapokea wageni wakati wao wenyewe wananunua mafuta ya taa kwa bei ya kutisha. Nashukuru niliishuhudia roho ile.

Kofi Annan, aliyewahi kuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, aliwapatanisha Kibaki na Raila, mkataba ukasainiwa tarehe 28 Februari 2008. Wengi walidhani mambo yameisha. Kwetu ndio kwanza foleni ilianza kusogea. Makasha ya miezi miwili yalitaka malori ya mwezi mmoja, nauli ikapanda kwa sababu kila mtu alitaka lori siku ileile, na bei za dukani Kampala hazikushuka kwa kasi zilivyopanda. Mwenye duka alinunua kwa bei ya juu, lazima auze kwa bei ya juu mpaka stoo iishe.

Tangu hapo majirani wamejifunza. Rwanda imehamishia sehemu kubwa ya mizigo yake Dar es Salaam. Uganda ilipochagua mwaka 2016 kupitisha bomba lake la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443, sababu zilikuwa kadhaa, gharama na ardhi zikiwamo, ila usalama wa njia ya Kenya nao ulizungumzwa. Na wateja wangu wa Kampala, katika uchaguzi wa 2017 na ule wa 2022, walianza kuagiza miezi mitatu kabla. Hilo ni jema, lakini lina bei yake: pesa iliyolala ghalani, riba ya benki, kodi ya ghala. Kwa hiyo hata uchaguzi ukienda salama, mnunuzi wa sabuni Gulu ameshachangia hofu yake. Ushauri wangu kwao haujabadilika: akiba ilale upande wenu wa mpaka, na bima muisome kabla ya kuisaini.

Hili la bima nalisema kwa sababu ya faili moja. Lori la vipuri vya pikipiki liliteketezwa karibu na Burnt Forest. Dereva na tanboi wake, yaani utingo, walitoroka kupitia mashambani, wakapona. Sheria inamwondolea mtu ushuru wa mali iliyoungua, lakini sharti ithibitike imeungua, isije ikawa imeuzwa. Ripoti ya polisi ilichukua miezi. Bima ilikataa, kwa kuwa mwenye mali alikuwa amekata ile ya kawaida isiyogusa ghasia. Bondi ikabaki imefungwa, na forodha wakanidai mimi. Kilichotuokoa ni tanboi. Mwezi Machi alirudi pale kwenye mkaa wa lori, akatafuta mpaka akapata kipande cha mlango wa kasha, lakiri ya forodha, ile inayofungia kasha, bado imening'inia, namba inasomeka. Alikileta Mombasa kikiwa kimefungwa kwenye gazeti.

Faili lilifungwa Septemba 2009. Ushuru ulifutwa, mali haikulipwa. Mwenye mali alinishukuru kwa simu, kwa adabu sana, na mzigo wake uliofuata aliupitishia Dar es Salaam. Aliniomba nimtafutie wakala mwaminifu wa kule, nikamtafutia.