Waya wa chaja umekatwa? Usikimbilie kusokota

Wiki iliyopita kijana wa jirani alikuja kibandani kwangu Mwanakwerekwe na waya wa chaja mkononi.

"Ami, mama kaukata na mkasi."

Mama yake mshoni, na waya ulikuwa umelala chini ya kitambaa. Kijana alishausokota na kuuzungushia tepu nyeusi. Ukiupinda hivi simu inaingia chaji, ukiuachia inakata. Nikamwambia avute kigoda, leo ataunga mwenyewe.

Kusokota peke yake huku kwetu hakudumu. Kila mara nafungua viungo vya namna hiyo, vya miezi michache tu, nakuta shaba imeota kijani. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na gundi ya tepu ikipata joto huteleza, njia ikawa wazi. Shaba ya kijani inapitisha umeme kwa tabu, kiungo kinapata moto, simu inachaji kwa kusuasua. Kwa hiyo kwanza kata ile sehemu iliyochafuka, utafute shaba nyekundu safi, ndipo uje kwenye risasi, ule waya laini wa kuungia unaoyayuka kwa moto.

Ndani ya kebo ya kawaida ya USB mna nyaya nne: nyekundu ni chanya, volti 5, nyeusi ni hasi, nyeupe na kijani ni za data. Wapo wanaounga mbili za mwanzo wakaziacha hizo nyengine. Simu itachaji, lakini nyingi zitachaji polepole, kwa kuwa kwenye nyaya za data ndipo simu hutambua chaja ina nguvu gani. Na rangi usiziamini sana katika kebo za rahisi. Weka mita ya umeme kwenye mlio, pale inapolia njia ikiwa haijakatika, upime kila waya unaishia wapi.

Sasa lile ambalo wanaoanza hawalifanyi: nyaya usizikate urefu mmoja. Zipange kama ngazi, nyekundu iwe fupi upande huu na ndefu upande wa pili, nyeusi kinyume chake. Hapo viungo havikai bega kwa bega, na hata plastiki ikiteleza, chanya haikutani na hasi. Kebo nayo haitoki na tumbo kama chatu aliyemeza kuku.

Menya kidogo, nusu sentimita inatosha. Paka risasi kila ncha peke yake, kisha zilaze pamoja uziguse na pasi ya kuchomelea. Moto uende kwenye shaba, na shaba ndiyo iyayushe risasi. Ukiidondosha kutoka kwenye pasi itakaa juu kama tone la nta, na ukivuta tu inabanduka.

Pasi ya bei kubwa si lazima. Kebo ya umeme ya baharini ilipoharibika Disemba 2009, Unguja ikakaa gizani mpaka Machi 2010, mimi nilichomelea redio za watu kwa kipande cha shaba nilichokipasha kwenye seredani ya makaa. Kazi haikuwa nzuri, ila redio zilisema.

Waya wa hedifoni una ujanja wake. Nyuzi zake zimepakwa vanishi nyembamba, unaiona rangi ukadhani ni shaba tupu, nawe unaunga hausikii kitu. Jioni nzima ilinipotea hivyo nilipokuwa naanza. Shika ncha ndani ya risasi iliyoyayuka mpaka vanishi iungue, dirisha likiwa wazi.

Waya wa ukutani, wenye volti 230, usijifunzie. Ukikatika nunua mwengine mzima.

Mwisho kuna vile vimpira vinavyonywea vikipata moto. Kimoja kwa kila waya, na kipana cha kufunika kebo yote ili mvuto usifike kwenye risasi. Vyote vivishwe kabla ya kuunga. Nilimwambia kijana mara mbili. Akaunga nyaya zote nne, safi kabisa, mita ikalia, akacheka. Vimpira vitano vilikuwa bado mezani.

Tukakata tena.