Njaa ya Uholanzi ya 1944–1945 na mimba zilizopita ndani yake

Kwa mtu wa lishe, miezi ya mwisho ya Vita vya Pili vya Dunia barani Ulaya haiko Berlin. Iko magharibi mwa Uholanzi, katika miji ya Amsterdam, Rotterdam, The Hague na Leiden, ambako watu zaidi ya milioni nne waliingia majira ya baridi ya 1944 wakiwa bado chini ya Wajerumani, ilhali sehemu ya kusini ya nchi hiyohiyo ilikwisha kukombolewa. Nafundisha lishe ya mama na mtoto, na hakuna tukio ninalolirudia darasani kama hili. Wanafunzi huja wakijua kwamba mama akishinda njaa mtoto huzaliwa mdogo. Uholanzi ilituonesha jambo zito zaidi: mtoto anaweza kuzaliwa na kilo zake kamili, na bado njaa ikawa imeshamwingia mwilini.

Njaa hiyo haikuletwa na ukame wala nzige. Septemba 17, 1944 Washirika, yaani Uingereza, Marekani na wenzao, walishusha askari wa miavuli ili wakamate madaraja hadi mji wa Arnhem, mashariki mwa Uholanzi, na siku hiyohiyo serikali ya Uholanzi iliyokuwa uhamishoni London ikawataka wafanyakazi wa reli wagome ili Wajerumani wakose usafiri. Wakagoma. Daraja la Arnhem halikushikika, Washirika wakakwama kusini mwa mito mikubwa, na Wajerumani wakalipiza kwa kuzuia chakula kisipelekwe magharibi. Novemba walilegeza kamba, wakaruhusu chakula kisafirishwe kwa maji, lakini mafuta yalikuwa haba na baridi ilipokaza mifereji ikaganda barafu. Mashambani mashariki na kaskazini viazi vilikuwepo. Kilichokosekana ni namna ya kuvifikisha mjini.

Makaa ya mawe nayo yalichimbwa Limburg, upande uliokombolewa, kwa hiyo tangu Oktoba Amsterdam ilikosa gesi na umeme. Hata aliyebahatika kupata viazi alikuwa na kazi ya kutafuta cha kuvipikia. Watu walikata miti ya barabarani, waking'oa vipande vya mbao vilivyopangwa katikati ya reli za tramu, na kubomoa ngazi na sakafu za nyumba za Wayahudi waliokuwa wamechukuliwa kwenda kuuawa.

Mwishoni mwa Novemba mgao rasmi wa mtu mzima ulikuwa chini ya kalori 1,000 kwa siku. Kuanzia Desemba hadi Aprili ukawa kati ya 400 na 800. Kalori 400 ni vipande viwili vitatu vya mkate na viazi vichache, basi, kutwa nzima. Wajawazito na wanaonyonyesha walipewa nyongeza mwanzoni, lakini njaa ilipofikia kilele nyongeza hiyo haikuwezekana tena. Watoto wa chini ya mwaka mmoja walilindwa: mgao wao haukushushwa chini ya kalori 1,000 hata katika wiki mbaya kabisa, na mimi nauheshimu sana uamuzi huo. Wanawake wa mjini walitoka kwa baiskeli zisizo na matairi wakaenda mbali vijijini kubadilisha mashuka na vito kwa nafaka na viazi. Wengine walikula vitunguu vya maua ya tulipu na biti za kutengenezea sukari. Waliokufa wanakadiriwa kufika 20,000, na wazee wa kiume walikuwa wengi miongoni mwao.

Ahueni ilikuja kidogokidogo. Unga kutoka Sweden uliwasili kwa meli mwishoni mwa Januari, ukaokwa mikate. Aprili 29 ndege za kivita za Uingereza aina ya Lancaster zilianza kupita chini kabisa juu ya viwanja vilivyokubaliwa na Wajerumani zikidondosha chakula bila miavuli. Wamarekani wakajiunga Mei 1. Hadi Mei 8 zilikuwa zimeshusha zaidi ya tani 10,000. Majeshi ya Wajerumani yaliyokuwa Uholanzi yaliweka silaha chini Mei 5, na mwezi Juni mgao ulikuwa umepita kalori 2,000.

Hapo ndipo sisi watafiti tunapoingia. Njaa nyingi duniani huanza polepole na kuisha polepole, huwapata waliokwisha kudhoofika, na hazina anayeandika. Hii iliwakuta watu waliokuwa wakila kiasi cha kutosha, ikadumu miezi michache, ikakatika ghafla, na muda wote huo wakunga na madaktari waliendelea kujaza karatasi zao. Katika hospitali ya Wilhelmina Gasthuis, Amsterdam, zilihifadhiwa kumbukumbu za uzazi ambazo watafiti walikuja kuzitumia kuwafuatilia watoto 2,414 waliozaliwa kati ya Novemba 1943 na Februari 1947. Kwa kuwa tarehe ya kuzaliwa inajulikana na mgao wa kila wiki unajulikana, unaweza kusema huyu alikutana na njaa mimba ikiwa changa, yule ikiwa katikati, na mwingine ikikaribia kujifungua.

Waliokutana nayo mwishoni mwa mimba walizaliwa wepesi, kama ilivyotarajiwa. Waliokutana nayo miezi mitatu ya mwanzo, kisha mama zao wakala vizuri baada ya Mei, walizaliwa na uzito wa kawaida. Mkunga aliwaweka kwenye mizani, akaandika kilo tatu na ushee, na hakuwa na sababu yoyote ya kuwatilia shaka. Lakini walipofika umri wa miaka 50 hivi, asilimia 8.8 kati yao walikuwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo, dhidi ya asilimia 3.2 ya wale ambao njaa haikuwakuta tumboni. Kundi lenyewe ni dogo, kwa hiyo tofauti hiyo isisomwe kama kipimo kamili. Ila haisimami peke yake. Wanawake wa kundi hilo walikuwa wanene zaidi. Utafiti wa 1976 uliotumia vipimo vya vijana wa kiume wapatao 300,000 walioitwa jeshini wakiwa na miaka 19 ulikwisha kuonesha kwamba unene ulizidi kwa walioguswa na njaa nusu ya kwanza ya mimba, na ulipungua kwa walioguswa mwishoni. Na kwa waliotungwa njaa ikiwa kileleni, kasoro za uti wa mgongo ziliongezeka, na skizofrenia, ugonjwa mkali wa akili, ikawa karibu mara mbili.

Kuna pingamizi moja ambalo ni la haki. Wanawake wengi waliacha kupata hedhi wakati wa njaa, na watoto waliozaliwa miezi tisa baadaye walipungua kwa karibu nusu. Walioweza kushika mimba huenda walikuwa wenye afya au uwezo kuliko wengine, hivyo kulinganisha watoto wao na watoto wa watu wowote si sawa. Utafiti wa 2008 ulijibu hilo kwa namna ninayoipenda sana: watu 60 waliotungwa mimba wakati wa njaa walilinganishwa na ndugu zao wa jinsia ileile ambao njaa haikuwakuta tumboni. Miongo sita baadaye, jeni iitwayo IGF2, inayohusika na ukuaji, ilikuwa na alama chache za kikemikali za methili, zile zinazobandikwa juu ya jeni na kuathiri utendaji wake, kwa waliopitia njaa kuliko kwa ndugu zao. Hiyo haithibitishi kwamba alama hizo ndizo zilizoleta magonjwa, na msomaji asikubali kuambiwa hivyo. Inathibitisha kwamba wiki zile za mwanzo ziliacha kitu kinachopimika.

Tena tusizihamishe takwimu za Amsterdam tukazibandika kila mahali. Leningrad, mji wa Urusi, ilizingirwa na Wajerumani karibu siku 900 katika vita hivyohivyo, na waliokuwa tumboni huko walipopimwa ukubwani, miili yao haikuonekana kuwa na tatizo la kudhibiti sukari ya damu kuliko ya wenzao. Maelezo yanayotajwa zaidi ni kwamba mtoto wa Leningrad alizaliwa katika uhaba na akakulia katika uhaba, ilhali yule wa Amsterdam mwili wake ulijipanga kwa uhaba kisha ukakutana na shibe. Vijiji vingi ninavyofanyia kazi mimi Tanzania vilifanana zaidi na Leningrad, lakini familia zinazohamia mjini zinaanza kufanana na Amsterdam.

Kinachohamishika ni wakati. Mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya wiki nne baada ya mimba kutungwa, na mama zetu wengi hufika kliniki mimba ikiwa na miezi minne au mitano. Vidonge vya foliki, vitamini inayosaidia mfereji huo ufunge vizuri, anavyopewa siku hiyo vinamsaidia damu yake tu. Mfereji ulishafunga, au ulishashindwa kufunga. Ndiyo maana nawaomba wauguzi wasiishie kumuuliza mama anakula nini sasa. Wamuulize pia alikuwa anakula nini kabla hajajua kuwa ana mimba, na wanapomhudumia baada ya kujifungua, waanze kuzungumza naye juu ya mimba itakayofuata.