Dhambi ile ile, kila wiki mbili

Kwaresima ikifika huku kwetu Bukavu mstari wa kuungama unatoka mpaka nje ya kanisa, mama wa soko ya Kadutu wamesimama na vitenge vyao, vijana wa pikipiki wanaangalia saa, na mimi padri ndani nimekaa mgongo unauma. Siri ya kitubio siwezi kuigusa, hata kwa kuficha jina, kwa hiyo leo nasema dhambi za mtu mmoja tu, zangu mwenyewe.

Mimi ni mtu wa hasira. Miaka 11 nilikuwa naenda kuungama kwa padri mzee mmoja, kila wiki mbili, na kila mara ni yale yale: baba, nimemfokea mpishi, nimemfokea katekista, nimemfokea mtu aliyekuja saa ya kulala kutafuta cheti cha ubatizo. Siku moja nikamwambia, mzee, naona haya, afadhali niache kuja kwanza mpaka nipone. Akacheka mpaka akakohoa. Akauliza: wewe malaria ikikushika unangoja homa ishuke njo uende dispanseri?

Hapo njo nilielewa kitu nilichokisoma seminari na kukijibu vizuri kwenye mtihani bila kukielewa. Mtaguso wa Trento, ule mkutano mkuu wa maaskofu, 1551, unasema majuto yanaenda pamoja na kusudi la kutotenda dhambi tena. Watu wengi, hata sisi mapadri, tunalisoma lile kusudi kama garanti. Siyo garanti. Kusudi ni la leo, leo sitaki tena, kwa kweli sitaki, na hapo hapo najua tabia yangu, kesho mpishi akiunguza sombe naweza kuanguka. Kujua kwamba unaweza kuanguka na kupanga kuanguka ni vitu viwili. Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni 980, iko wazi kabisa: kama padri hana shaka juu ya nia ya anayeungama na mtu anaomba ondoleo, asimnyime wala asimcheleweshe. Hakuna mahali inasema ahesabu amekuja mara ngapi.

Ila tusidanganyane. Mtu anayetubu kuiba mabati na mabati bado yako juu ya nyumba yake, huyo arudishe mabati kwanza, maneno ya uvumilivu tutaongea baadaye. Someni Luka 13, ule mtini uliokaa miaka 3 bila tunda, mwenye shamba akataka ukatwe. Tunapenda sana ule mwaka mmoja mtunzaji aliouombea, lakini hakuomba ili aende kulala kivulini, alisema atachimba kuuzunguka na kutia mbolea.

Mbolea yangu ilikuwa ya aibu kidogo. Malipizi mzee aliyonipa: kabla ya kumjibu mtu aliyeniudhi, ninywe glasi moja ya maji, polepole. Nilidharau. Nilitaka kitu kikubwa, mfungo wa siku tatu, kupanda mlima, nipone mara moja nimalize. Akaniambia hiyo haraka yako ya kuwa mtakatifu ni kiburi kimevaa kanzu. Na wako wenye ugonjwa mwingine wa haraka, wanaungama tena na tena dhambi zilizokwisha kusamehewa, juu hawaamini. Mtakatifu Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, aliungama siku tatu nzima kule Montserrat, Hispania, 1522, na bado alipofika Manresa zile dhambi za zamani zikamtesa vibaya, mpaka muungamishi wake akamkataza kuzirudia isipokuwa iliyo wazi kabisa.

Glasi inafanya kazi, siyo kila siku. Mpishi ameshaigundua, akiniona naifuata kabatini anatoka jikoni mwenyewe.

Mzee alishafariki. Sasa naungama kwa padri kijana, mtu mzuri lakini ana haraka, mara ya mwisho nilipotaja hasira akashusha pumzi akaniuliza: Padri, hii utaimaliza lini? Nikajikuta naangalia huku na huku, maji yako wapi.