Jeshi la akiba: yanayosemwa na yalivyo hasa

Mtu akitaja kwamba anafikiria kujiunga na jeshi la akiba, yaani raia wanaofunzwa kijeshi na kuitwa wanapohitajika, bila kuacha kazi yake, hawakosekani washauri. Mmoja humwambia ni jambo la wikendi tu: atavaa sare, atapata posho, na mengine yote yataendelea kama kawaida. Mwingine humwambia aage kabisa, kwani siku ya kiapo ndiyo mwisho wa uraia wake. Wote wawili wanampotosha. Mimi namwogopa zaidi yule wa kwanza, maana anayempeleka mwenzake kuapa bila kujua anachoahidi huiumiza pia nyumba anayotoka huyo mwenzake.

“Ni siku mbili kwa mwezi”

Hesabu hii haikuzuka hewani. Walinzi wa Taifa wa Marekani (National Guard), sehemu ya jeshi la akiba la nchi hiyo, wamejulikana kwa miaka mingi kwa utaratibu wa wikendi moja kila mwezi na wiki mbili kila mwaka, jumla siku 39 hivi. Uingereza huwataka askari wengi wa akiba siku 27 kwa mwaka, na 19 kwa walio katika vikosi vya wataalamu vinavyokusanya watu kutoka pande zote za nchi. Uswisi haina habari na wikendi: askari wa kawaida anadaiwa takriban siku 245 kwa utumishi wake wote, akianza na wiki 18 za ukuruti, kisha anaitwa kwenye kozi za marudio za majuma kadhaa mwaka hadi mwaka.

Kinachosahaulika ni mlango wa kuingilia. Kabla hujawa askari wa wikendi, sharti kwanza uwe kuruti. Anayejiunga na Walinzi wa Taifa upande wa jeshi la nchi kavu hukaa kambini wiki 10 za mafunzo ya awali, halafu huenda kusomea fani yake ya kijeshi, nayo inaweza kuchukua wiki chache au miezi mingi kutegemea fani yenyewe. Uingereza huruhusu mafunzo ya awali kugawanywa, wikendi kadhaa na kisha majuma mawili ya mfululizo. Kwa mwenye kazi, tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti yoyote ya mshahara, kwa hiyo ukikutana na ofisa wa uandikishaji anza kwa kumuuliza hilo: nitaondoka lini, kwa muda gani, na je, naweza kwenda kwa awamu?

Na hata baada ya ukuruti, siku zilizoandikwa kwenye karatasi hazihesabu jioni ya Ijumaa ya kufunga begi, Jumatatu ya kurudi kazini na mwili uliochoka, wala mbio za alfajiri za kujiweka tayari kwa mtihani wa utimamu wa mwili. Anayepanda cheo ndiye huona zaidi. Sajenti au ofisa hupanga mafunzo ya wenzake, hufuatilia vifaa na hujibu simu za askari wake, na hayo yote hufanyika katikati ya juma, nje ya ile wikendi inayotajwa.

“Askari wa akiba hawapelekwi vitani”

Hupelekwa. Katika Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, Tanzania iliwaita mgambo kwa maelfu, raia waliokuwa na shughuli zao, wakapigana pamoja na jeshi la kudumu, JWTZ, hadi ndani ya Uganda. Mwaka 2005, takriban asilimia 40 ya wanajeshi wa Marekani waliokuwa Iraq walitoka Walinzi wa Taifa na vikosi vya akiba. Mwaka huohuo, kimbunga Katrina kilipopiga, Walinzi wa Taifa zaidi ya 50,000 waliitwa kuokoa watu na kulinda miji. Kwa hiyo anayejiunga kwa matumaini kwamba zamu yake haitafika anajiwekea msiba. Bora aape akijua kwamba inaweza kufika, na kwamba huenda ikafika mwaka ambao hana nafasi.

“Sheria inanilinda, mwajiri hana la kusema”

Hapa ndipo nimeona watu wakikosana na wakubwa wao bila sababu. Ulinzi upo, na katika nchi fulani una nguvu. Sheria ya Marekani ya 1994 inamtaka mwajiri, mkubwa kwa mdogo, amrudishe mtumishi aliyeitwa jeshini katika nafasi ambayo angekuwa ameshaifikia kama asingeondoka. Basi kama wenzake wamepandishwa daraja kwa miaka ya kazi, naye huhesabiwa. Lakini sheria hiyohiyo ina masharti. Lazima utoe taarifa kabla ya kuondoka, kwa kawaida jumla ya muda wako jeshini usizidi miaka 5 kwa mwajiri mmoja, japo baadhi ya miito haihesabiwi, na uombe kurudi kwa wakati: ndani ya siku 14 ukiwa umekaa zaidi ya mwezi mmoja, ndani ya siku 90 ukiwa umepita siku 180. Wala haimlazimishi mwajiri kukulipa mshahara wakati haupo kwenye kiti chako.

Uingereza, sheria ya 1985 humlinda aliyeitwa rasmi kwenye utumishi. Siku za mafunzo ya kawaida ni habari nyingine: mwajiri halazimiki kukupa ruhusa, ingawa wengi hutoa. Mwajiri naye ana haki zake. Askari wake akiitwa anaweza kuomba wito uahirishwe iwapo kuondoka kwake kutaidhuru biashara vibaya, na anaweza kudai baadhi ya gharama za kumtafuta wa kuziba pengo.

Aliyejiajiri asome zaidi. Hakuna sheria inayoweza kumwamuru mteja akusubiri miezi tisa.

“Ni kwa vijana wenye misuli”

Jeshi lina mahitaji mengi kuliko bunduki. Madaktari, wauguzi, mafundi, madereva wa magari makubwa, wapishi na wanasheria wote wana nafasi. Estonia, baada ya mashambulizi ya mtandaoni ya 2007, iliunda ndani ya jeshi lake la kujitolea kitengo cha wataalamu wa kompyuta ambao mchana wana kazi zao za kiraia.

“Malipo ni ya soda”

Si utajiri, ila si bure. Marekani, wikendi ya kawaida huhesabiwa kuwa vipindi vinne, na kila kipindi hulipwa mshahara wa msingi wa siku moja, hivyo siku mbili huleta malipo ya siku nne. Miaka 20 iliyotimiza alama zinazotakiwa, zile anazopata kwa mafunzo na utumishi, humpa mtu pensheni, ambayo kwa kawaida huanza kulipwa akiwa na miaka 60. Kumbuka tu kwamba pesa hizo zina mkataba nyuma yake: kwa kawaida anayejiunga Marekani hubeba wajibu wa miaka 8, hata kama sehemu yake atakuwa nyumbani akisubiri jina lake kuitwa.

“Akirudi, amerudi”

Hii ndiyo dhana inayoniuma kuliko zote. Mwaka 2006 watafiti wa King's College London walichapisha uchunguzi kuhusu wanajeshi wa Uingereza waliokwenda Iraq. Kwa askari wa kudumu, afya ya waliokwenda haikutofautiana sana na ya waliobaki. Kwa askari wa akiba tofauti ilionekana: waliokwenda walikuwa na matatizo zaidi ya akili.

Sababu si woga. Askari wa kudumu hurudi kambini na wenzake walewale, na anapoamka usiku akitetemeka, jirani yake anajua kwa nini. Wa akiba hushuka kwenye ndege, hukabidhi vifaa, na baada ya muda mfupi yuko kazini akiulizwa ripoti iko wapi. Wenzake wa kikosi wametawanyika miji mbalimbali. Mkewe au mumewe amekaa miezi yote hiyo mtaani ambako pengine hakuna mwingine mwenye mtu vitani, hana wa kumuuliza kama ukimya huu ni wa kawaida.

Tangu 2008 Marekani ina mpango uliowekwa kisheria wa kuwakutanisha askari wa akiba na familia zao kabla ya safari, wakati wa safari na baada ya kurudi. Uliza kikosi unachotaka kujiunga nacho kina nini cha namna hiyo, na mwenzi wako awepo jibu linapotolewa.