Panya aliyelazwa kwa dawa hawezi kukujibu swali la neva

Hoja hii hairudi mara moja wala mbili: eti mnyama akilazwa kwa dawa ya usingizi hana hofu, kwa hiyo athari ya neva za simpathetiki (zile zinazoamka mwili unapopata hofu) kwenye kongosho itaonekana safi zaidi. Si kweli. Kwa ksailazini, dawa ya kulaza wanyama, ndiyo kabisa, maana dawa hiyo huamsha vipokezi vya alfa-2, vilevile ambavyo noradrenalini, kemikali inayotolewa na neva hizo, hutumia kuzuia seli beta, yaani seli za kongosho zinazotoa insulini. Mchome panya aliyeshiba chakula sindano ya ketamini (dawa nyingine ya usingizi) na ksailazini: sukari itapanda na insulini itabanwa hata kama hujagusa neva yoyote. Hapo umepima dawa yako. Isofluraini nayo hubana insulini kwa kufungua milango ya potasiamu ya seli hizohizo.

Mengine yanajulikana. Simpathetiki ikiamka, vipokezi vya alfa-2 huzuia insulini, vya beta-2 huichochea, na alfa ndiyo yenye nguvu. Glukagoni, homoni ya kongosho inayopandisha sukari, hupanda. Ndiyo maana panya anayeogelea insulini yake hushuka, lakini ukiziba alfa kwa dawa ya fentolamini hupanda.

Tena, simpathetiki si adrenalini ya tezi za adrenali (zilizo juu ya figo) peke yake. Katika miaka ya 1970, ndama walio macho, waliokwisha kuondolewa tezi za adrenali, walichochewa neva ya splankniki, neva ya simpathetiki iendayo tumboni, na glukagoni yao ikapanda. Adrenalini ya tezi haikuwapo.

Kwa hiyo fanya kazi na mnyama aliye macho, na uifanye vizuri. Pitisha katheta (mrija mwembamba) kwenye mshipa wa shingo hadi karibu na atiria ya kulia, chumba cha juu cha moyo, itokee juu ya fuvu, ili uvute damu bila kumshika. Kumshika tu hupandisha noradrenalini. Subiri hadi uzito wake urudi ulivyokuwa kabla ya upasuaji, na mzoeshe kuvutwa damu kabla ya siku ya jaribio.

Wengi huharibikiwa kwenye ujazo wa damu. Panya wa gramu 300 ana damu kama mililita 19. Sampuli 10 za mililita 0.3 ni karibu asilimia 16 ya damu yote, na upungufu huo wenyewe huamsha simpathetiki. Mrudishie damu ya panya mwingine kila unapovuta, la sivyo sampuli za mwisho zitakudanganya. Nusu-maisha ya insulini, yaani muda wa nusu yake kutoweka kwenye damu, ni dakika chache tu, hivyo ukipima kila baada ya dakika 15 unakosa mshuko wa mwanzo. Sampuli ya glukagoni iingie kwenye EDTA (ya kuzuia damu isigande) yenye aprotinini (ya kuzuia homoni isivunjwe), juu ya barafu, papo hapo.

Kuna jambo ambalo vitabu hulipita. Huchora mshale ulionyooka kutoka neva hadi seli beta, ilhali uchunguzi wa mwaka 2011 ulionyesha kuwa katika visiwa vya kongosho la binadamu, yaani vishada vya seli zinazotoa homoni, nyuzi nyingi za simpathetiki huishia kwenye misuli ya mishipa ya damu, na chache sana hugusa seli za homoni. Huenda basi sehemu ya mshuko wa insulini inatokana na damu kupungua kisiwani. Anayetaka kutenganisha hayo mawili apime mtiririko wa damu ya kongosho na homoni kwa pamoja, katika mnyama yuleyule aliye macho.