Ale si rangi ya bia: maana yake, na kwa nini Sticke ya Düsseldorf ni mfano mzuri

Ale ni bia iliyochachushwa kwa hamira inayopenda joto la wastani, yapata nyuzijoto 15 hadi 24. Lager ni bia iliyochachushwa kwa hamira inayovumilia baridi, nyuzijoto 7 hadi 13 hivi. Maana ya maneno hayo mawili inaishia hapo. Haigusi rangi, haigusi kiwango cha kilevi, wala haisemi bia inywewe mwezi gani.

Nimeanza na jibu kwa sababu swali lenyewe limechosha. Kila ikifika Desemba, ndugu zetu walioko Ujerumani wanatuma picha ya glasi ya bia ya kahawia yenye povu zito, na chini yake maelezo ni yaleyale: “Hii ni ale, ndiyo maana ni nyeusi.” Mwingine anaongeza kwamba ale ni kali na lager ni ya kawaida. Wa tatu anasema ale ni bia ya baridi, na hapo mambo yanazidi kuvurugika, maana kwetu “bia ya baridi” ni ile iliyotoka kwenye friji, kinyume cha “ya moto” iliyokaa kwenye kreti. Bia ya majira ya baridi ni jambo jingine kabisa, na nitalifikia kwa mfano wa Sticke, ale ya mji wa Düsseldorf, Ujerumani.

Naelewa kosa lilipotokea. Baa nyingi za Afrika Mashariki kwa miaka mingi zimekuwa na lager tupu: Tusker, Kilimanjaro, Safari, Serengeti, na neno lenyewe limeandikwa kwenye lebo. Zote ni za rangi ya dhahabu. Bia pekee ya hamira ya joto ambayo kila mnywaji anaijua ni Guinness, ambayo ni stauti, na stauti ni ukoo wa ale. Guinness ni nyeusi, na ile ya chupa inayouzwa kwetu ina kilevi kingi kuliko Tusker. Mtu mwenye mifano miwili tu mezani atafikia hitimisho lililo wazi: za dhahabu ni lager na ni nyepesi, nyeusi ni ale na ni kali. Kwa mifano hiyo miwili amesema kweli. Akienda Ujerumani, kanuni hiyo inavunjika siku ya kwanza.

Tuanze na rangi. Mjini Köln kuna bia iitwayo Kölsch, inayoletwa kwenye glasi nyembamba ya robo lita kasoro kidogo, 0.2. Ni ya dhahabu, nyepesi, inang'aa, na ukiimimina kwenye glasi ya Tusker watu wengi hawatashtuka. Kölsch ni ya hamira ya joto, yaani iko upande wa ale. Viwanda vya eneo hilo viliwekeana mkataba mwaka 1986 kueleza Kölsch ni nini, na hiyo hamira ya joto ni sharti mojawapo. Mwaka 1997 jina hilo likalindwa na Umoja wa Ulaya. Upande wa pili, jimboni Thüringen, kuna Köstritzer, bia nyeusi kama kahawa isiyo na maziwa. Hiyo ni lager. Rangi ya bia inatoka kwenye kimea, yaani nafaka iliyooteshwa kisha ikakaushwa, kama anavyojua yeyote aliyeona mbege au busaa ikitengenezwa. Kimea kikikaangwa sana bia inakuwa nyeusi. Kikikaushwa taratibu inakuwa ya dhahabu. Hamira haihusiki na rangi hata kidogo.

Kuhusu ukali, hadithi ni hiyohiyo. Köstritzer hiyo nyeusi ina kilevi cha asilimia 4.8 tu. Guinness ya bomba inayonywewa Dublin ina asilimia 4.2. Lakini Salvator ya Paulaner, bia ya Munich inayohusishwa na Kwaresima, ina asilimia 7.9, na ni lager. Kiasi cha kilevi kinategemea sukari iliyokuwamo kwenye maji ya kimea kabla hamira haijaanza kula. Tia kimea kingi, utapata bia nzito, iwe hamira ni ya joto au ya baridi.

Sasa hamira yenyewe, maana hapa ndipo penye utamu. Hamira ya ale inaitwa kitaalamu Saccharomyces cerevisiae, na ni spishi ileile ya hamira ya dukani tunayotia kwenye maandazi, ingawa mbegu zake zimechaguliwa kwa kazi tofauti. Unga wa maandazi ukiuacha penye joto unaumuka upesi. Ukiuingiza kwenye friji unazubaa. Hamira ya ale nayo ni hivyo. Ikipata joto huchapa kazi siku chache, hupanda juu pamoja na povu, na njiani huacha harufu za matunda. Hamira ya lager, Saccharomyces pastorianus, ni chotara: mzazi mmoja ni hiyo hiyo ya maandazi, mzazi wa pili ni hamira ya porini ihimiliyo baridi. Huyo mzazi wa pili alitafutwa kwa muda mrefu, hadi mwaka 2011 watafiti walipotangaza kwamba wamempata kwenye miti ya misitu ya Patagonia, kusini mwa Argentina. Wakamwita Saccharomyces eubayanus. Baadaye alionekana pia Tibet, na hata Ireland.

Chotara huyo hakutengenezwa na mtu. Alichaguliwa na baridi, na kwa sehemu kubwa alisaidiwa na sheria. Mwaka 1553 Mtawala Albrecht V wa Bavaria, kusini mwa Ujerumani, aliamuru bia ipikwe kati ya tarehe 29 Septemba na 23 Aprili tu, kwa kuwa ile ya kiangazi ilikuwa ikiharibika. Kupika miezi ya baridi peke yake, mwaka baada ya mwaka, kisha kuitunza bia kwenye mapango yenye barafu, kuliipa nafasi hamira inayoweza kufanya kazi wakati nyingine imelala. Kutoka kwenye utunzaji huo ndiko lilikotoka jina lager, kwa maana ya ghala au kuhifadhi. Miaka ya 1870 Carl von Linde akatengeneza mashine za kupoza kwa ajili ya viwanda vya bia, na mwaka 1883 Emil Christian Hansen, kwenye maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, akafanikiwa kuitenga hamira safi ya lager. Baada ya hapo lager ingeweza kupikwa popote na mwezi wowote, Nairobi na Dar es Salaam zikiwemo. Ikaitawala dunia.

Sehemu chache zilikataa kufuata. Mojawapo ni bonde la chini la mto Rhine, ambako hali ya hewa si kali kama Bavaria na wapishi waliendelea na hamira yao ya joto. Lager ilipowazunguka, bia yao ilihitaji jina la kuitofautisha, ikaitwa Altbier, bia ya zamani. Hapa naomba tusimame kidogo, kwa sababu kosa hili nalo nalisikia kila mara: Altbier si bia iliyokaa miaka. Si kama mvinyo wa pishini. Kilicho cha zamani ni mtindo wa kuipika. Bia yenyewe hunywewa ikiwa mbichi, na mji unaoipenda zaidi, Düsseldorf, huimaliza kabla haijapata nafasi ya kuzeeka.

Kuna mtego mwingine unaowanasa hata waliosoma kidogo. Wameshajua kwamba lager maana yake ni kuhifadhi, na wanasikia kwamba Altbier ikishachacha huwekwa penye baridi kali kwa wiki kadhaa. Basi wanatangaza kwamba Altbier “kwa kweli ni lager”. Hapana. Imehifadhiwa kama lager, ndiyo, na kwa sababu hiyo ina ule usafi wa mdomoni ambao ale za Uingereza kwa kawaida hazina. Ila kuchacha kwake kulifanyika kwenye joto, kwa hamira ya joto. Wajerumani wenyewe hawatumii neno ale kwa bia zao. Wanasema obergärig kwa bia ya hamira ya juu na untergärig kwa bia ya hamira ya chini, na sheria yao ya bia inafuata mpaka huohuo. Ya chini ipikwe kwa kimea cha shayiri, hopsi (maua yanayoipa bia uchungu), hamira na maji tu. Ya juu inaruhusiwa kuongezewa vimea vya nafaka nyingine kama ngano. Ona kwamba sheria haikutaja rangi.

Na hata hayo “juu” na “chini” tusiyashike kama msahafu. Yanatokana na mapipa ya wazi ya zamani, ambamo mpishi aliona kwa macho hamira ikielea au ikizama. Kwenye matangi ya kisasa yenye kitako kilichochongoka, hamira za ale nyingi hukusanywa chini kama za lager. Cha kushika ni aina ya hamira na joto lake.

Sasa Sticke. Katika mji mkongwe wa Düsseldorf kuna kiwanda kidogo kiitwacho Uerige, kilichoanza mwaka 1862, ambacho hupika bia na kuiuza palepale. Altbier yake ya kila siku ina kilevi cha asilimia 4.7. Lakini mara mbili kwa mwaka, Jumanne ya tatu ya Januari na Jumanne ya tatu ya Oktoba, hufungua mapipa ya Sticke, yenye asilimia 6 hivi, kimea kingi zaidi na hopsi nyingi zaidi. Inasemekana jina limetoka kwenye neno la lahaja ya pale, stickum, lenye maana ya kimyakimya: mpishi alizidisha vipimo, wateja wakanong'onezana kwamba safari hii bia si ya kawaida. Schumacher, walioanza mwaka 1838, nao wana yao ya siku chache za mwaka, wanaiita Latzenbier.

Ile ya Januari ndiyo inayostahili kuitwa ale ya majira ya baridi, na inafaa kuonjwa kwa utulivu. Inatoka kwenye pipa la mbao lililowekwa juu ya kaunta, kwa uzito wake yenyewe bila kusukumwa na gesi, kwenye glasi fupi ya robo lita. Mhudumu, ambaye pale huitwa Köbes, anaiweka mbele yako na kuchora mstari kwenye kisahani cha karatasi. Usipoifunika glasi kwa kisahani hicho, ataleta nyingine. Iinue kwenye mwanga kwanza. Rangi ni shaba iliyoiva, nyekundu pembeni, na unaona upande wa pili, si nyeusi. Puani unapata ganda la mkate uliookwa na sukari iliyoungua kidogo, na nyuma yake maua ya hopsi. Ukinywa, utamu wa kimea unatangulia kwa muda mfupi sana, kisha unakuja uchungu mkavu unaokaa kwenye kingo za ulimi hata baada ya kumeza. Kwa aliyezoea lager zetu, uchungu huo ndio mshangao. Watu wengi huuita “ukali”, na hapo tena wanadhani wamepimiwa kilevi kingi, wakati walichokutana nacho ni hopsi. Uchungu ni uchungu, kilevi ni kilevi. Bia inaweza kuwa na kimoja bila kingine.

Wanaotafuta mdalasini na karafuu humo hawatavipata. Viungo vya Krismasi ni desturi ya baadhi ya bia za baridi za Marekani, Uingereza na Ubelgiji. Kiwanda cha Marekani kikiandika kwenye lebo kwamba ale yake ya baridi ni ya mtindo wa Kijerumani, ahadi inayotarajiwa ni kimea, hopsi, hamira ya joto na baridi ya kuhifadhia. Mdalasini ukiwemo, bia inaweza kuwa nzuri sana, ila mtindo huo si wa Düsseldorf.

Na hilo la majira: linaeleza siku bia inapotoka na uzito ambao mpishi ameona unafaa kwa miezi hiyo, Desemba hadi Februari. Nimeona mtu akiitafsiri kuwa bia ya kipupwe. Kipupwe chetu ni Juni hadi Agosti, kusi likivuma, na Sticke haitoki miezi hiyo. Wala jina la majira halisemi kwamba bia ni lazima iwe ale. Wajerumani wana bia za baridi za pande zote mbili, na nyingi za kusini ni lager nzito.

Kwa hiyo, mwenzako akituma picha ya Sticke mwezi Januari na kuandika “ni ale kwa sababu ni nyeusi na kali”, mwambie kwa upole kwamba sentensi inahitaji kugawanywa. Ni ya shaba kwa sababu ya kimea. Ni chungu kwa sababu ya hopsi. Ina kilevi cha kutosha kwa sababu sukari ilikuwa nyingi. Na ni ale kwa sababu ya hamira, basi. Kama angetaka kuthibitisha, amwulize Köbes kama bia ni obergärig, asitazame glasi.