Kuongeza Kina Hakufungi Jenomu: Dhana Potofu Kuhusu Jenomu na Protini za Bakteria

Ombi la wanaosomesha jenomu (DNA yote) ya bakteria ni lilelile kila mara: "Jenomu yetu imetoka vipande 140, isomeni tena kwa kina kikubwa zaidi ili iwe kipande kimoja." Anayeomba hivyo kwa kawaida ana data ya kina cha mara 120 tayari, yaani kila besi (herufi ya DNA) imesomwa wastani wa mara 120. Ukimwambia kwamba hata kina cha mara 1,000 kitamrudishia vipande vilevile, anaona unamkwepa. Basi tuanze na hili la kina, na litakula nafasi kubwa. Mengine tutayapitia haraka.

Dhana: Ukiongeza kina, jenomu itafungika

Kina ni hesabu nyepesi: idadi ya vipande vilivyosomwa mara urefu wa kila kipande, gawanya kwa ukubwa wa jenomu. Jenomu ya besi milioni 5 ikisomwa kwa jozi za besi 150 kila upande (ncha mbili za kipande kimoja cha DNA), jozi milioni 1.67 hivi zinatosha kukupa kina cha mara 100. Je, kina fulani kinaacha besi ngapi bila kuguswa? Wanahisabati Lander na Waterman walilijibu swali hilo mwaka 1988. Vipande vikitua kwa kubahatisha, kwa kina cha mara 10 zinabaki besi 227 hivi katika hizo milioni 5. Kwa mara 20, hata besi moja haibaki. Ni kweli kwamba vipande havitui sawasawa, na maeneo yenye G na C nyingi mno au chache mno hupunjwa, ndiyo maana tunaomba mara 50 hadi 100 badala ya 20. Ila ukishafika hapo, pengo lililobaki halitokani na uhaba wa data.

Linatokana na marudio, yaani mfuatano uleule unaojitokeza sehemu kadhaa za jenomu. Chukua E. coli K-12: kromosomu ya besi milioni 4.64, na ndani yake opereni (mafungu ya jeni) 7 za rRNA (RNA ya ribosomu), kila moja ikiwa na besi zaidi ya 5,000 zinazofanana karibu herufi kwa herufi. Ongeza juu yake mfuatano wa kuhamahama kama IS1 na IS26, wenye besi 800 hivi, ambao unaweza kujinakili sehemu nyingi kwenye kromosomu na plazimidi (duara ndogo za DNA nje ya kromosomu). Jozi yako ya besi 150 imetoka kwenye kipande cha DNA chenye besi 300 hadi 500. Programu ya kuunganisha kama SPAdes ikiingia kwenye opereni ya rRNA inajikuta kwenye njia panda yenye barabara 7 za kuingilia na 7 za kutokea, na hakuna jozi hata moja iliyoshuhudia mlango wa kuingia na wa kutoka kwa pamoja. Programu yenye adabu hukata hapohapo. Isiyo na adabu hubahatisha, na hapo unapata kontigi (kipande kilichounganishwa kutoka vingi vilivyosomwa) ndefu ya kupendeza yenye kromosomu iliyounganishwa kombo.

Usichukue kwa imani. Fungua faili la grafu (ramani ya jinsi kontigi zinavyoungana), lile lenye mwisho wa .gfa, kwa programu ya Bandage. Kontigi kubwa za kromosomu utazikuta, tuseme, kwenye kina cha 80, halafu kuna kontigi fupi za 16S na 23S (jeni za rRNA) zilizosimama karibu na 560. Hizo ni nakala 7 zilizokunjwa kuwa moja. Sasa zidisha data mara kumi: kromosomu itapanda hadi 800, rRNA hadi 5,600, na njia panda itabaki palepale. Umelipia namba tu.

Afadhali ingekuwa hasara ya pesa peke yake. Mashine za Illumina, zile za vipande vifupi, hukosea takriban besi moja kwa kila elfu. Kwenye kina cha mara 1,000, kila nafasi ya jenomu inabeba wastani wa kosa moja, na penye mfuatano unaoikosesha mashine kwa namna ileile kila mara, makosa hurundikana hadi yafanane na badiliko halisi. Grafu huota matawi ya uongo. Mbaya zaidi ni masalia ya sampuli jirani zilizosomwa pamoja kwenye mashine: kwa kina cha 80 yalikuwa machache kiasi cha kutupwa, kwa kina cha 1,000 yanaunganishwa kuwa vikontigi na kuingia kwenye ripoti kama jeni za bakteria wako. Ukiletewa data ya namna hiyo, ipunguze hadi mara 100 kabla ya kuunganisha. Kwa programu ya seqtk, hakikisha namba ya mbegu, ile ya -s inayoongoza uteuzi wa kubahatisha, ni moja kwa mafaili yote mawili ya jozi. Zikitofautiana, jozi zinavurugika na programu nyingi hazitakuambia.

Kina kikubwa kina kazi yake, lakini ni kazi nyingine: kutafuta wachache ndani ya mchanganyiko. Badiliko lililo kwa asilimia 2 tu ya seli linaonekana kwenye vipande 2 kati ya 100, na huwezi kulitenga na makosa ya mashine. Hapo ndipo mamia ya kina yana maana.

Kinachofunga jenomu ni urefu. Kipande kimoja lazima kilivuke rudio lote na kushika nanga kwenye mfuatano wa kipekee pande zote mbili. Kwa bakteria wengi rudio refu kuliko yote ni opereni ya rRNA, besi 5,000 hadi 7,000, kwa hiyo data ya Nanopore au PacBio (mashine za vipande virefu) yenye N50 ya besi 10,000 na kuendelea (nusu ya besi zote ziko kwenye vipande vya urefu huo au zaidi), kwa kina cha mara 50 tu, huwa inamaliza kazi kwa programu ya Flye. Kwa jenomu ya besi milioni 5 hizo ni besi milioni 250. Wakaidi wapo, hasa wenye faji (virusi vya bakteria) zilizojinakili ndani ya kromosomu au maeneo makubwa yaliyojirudia mfululizo, lakini ni wachache.

Na urefu huo hauzaliwi na mashine, unaanzia kwenye utoaji wa DNA kutoka kwenye seli. Mashine haiwezi kusoma besi 20,000 kwenye DNA iliyokatikakatika kuwa 4,000. Acha vorteksi (mashine ya kutikisa mrija), geuza mrija taratibu kwa mkono. Tumia ncha za pipeti zenye tundu pana. Usigandishe na kuyeyusha mara kwa mara. Vishanga vya kupasulia seli vinakata DNA. Kwa mikobakteria huna njia rahisi ya kuvikwepa kwa sababu ya ukuta wao wa nta, basi punguza muda wa kutikisa na ukubali vipande vifupi kidogo. Pima kiasi cha DNA kwa kifaa cha Qubit. NanoDrop, kifaa kingine, inahesabu na RNA, hivyo ikikupa mara mbili au tatu ya namba ya Qubit, rudi ukatumie RNase, kimeng'enya kinachoharibu RNA. Hata hivyo usiitupe NanoDrop, kwa sababu ndiyo inayokuonyesha uchafu: uwiano wa mwanga unaofyonzwa kwenye nanomita 260 na 280 (260/280) uwe karibu na 1.8, na 260/230 kati ya 2.0 na 2.2. Huu wa pili ukianguka, kuna fenoli au chumvi za guanidini, na vimeng'enya vya laibrari (DNA inayoandaliwa kwa ajili ya mashine) vitagoma. Mwisho, yeyusha DNA kwenye Tris ya milimola 10 isiyo na EDTA. EDTA hushika magnesiamu, na transposesi, kimeng'enya cha kuandaa laibrari, haifanyi kazi bila magnesiamu.

Kuna mtego ambao huwanasa hata waliofanya yote hayo vizuri. Plazimidi ndogo za besi 2,000 hadi 5,000 ni duara, na duara halina ncha. Laibrari ya kuunganisha kwa ligesi (kimeng'enya cha kuunga DNA) inahitaji ncha za kubandikia adapta (vipande vya DNA ambavyo mashine huhitaji ili kusoma), kwa hiyo plazimidi hizo zinaachwa nje, na hatua ya kuchagua vipande virefu kwa shanga za sumaku inafagia zilizobaki. Unapata kromosomu safi iliyofungika na plazimidi ndogo hakuna, kisha unaandika kwamba bakteria hana. Tumia laibrari ya transposesi, ambayo hukata duara na kubandika adapta kwa mpigo mmoja, au changanya data ndefu na fupi kwa Unicycler.

Ukishapata kontigi moja usishangilie bado. Rudisha vipande vyote juu yake uangalie kama kuna mahali kina kinaporomoka ghafla au vipande vyote vinakatikia. Angalia kama mwanzo na mwisho vimerudia mfuatano uleule, maana hiyo ni duara ambayo haikukatwa vizuri. Makosa ya Nanopore yaliyobaki hupenda mifululizo ya besi moja, kama A nane kwa pamoja. Besi moja ikidondoka hapo, fremu ya jeni inahama na protini inakatika katikati. Ukiona jenomu ina jeni nyingi ajabu zilizovunjika, shuku besi kabla ya kushuku mageuzi. Msahihisho kwa data fupi, kwa Polypolish kwa mfano, huondoa mengi ya hayo.

Na swali ambalo ningependa liulizwe mwanzo: unahitaji jenomu iliyofungika kweli? Kama unafuatilia nani kamwambukiza nani kwa kulinganisha mabadiliko ya besi moja moja, au unataka aina ya MLST (upambanuzi wa aina za bakteria) ya jeni 7, vipande 140 vinakutosha kabisa. Kufunga kuna maana ukitaka kujua jeni ya usugu iko kwenye plazimidi gani, au kromosomu imejipangaje.

Dhana: 16S inatosha kutaja spishi

Jeni hii moja ya rRNA haitoshi, hasa ukiwa umesoma eneo la V4 peke yake, ambalo ni besi 250 hivi kati ya takriban 1,540. Bacillus anthracis na Bacillus cereus hazitenganishiki kwa usalama kwa 16S. Tena bakteria mmoja anaweza kuwa na nakala za 16S zinazotofautiana zenyewe kwa zenyewe, ukazihesabu kama spishi mbili. Ishia kwenye jenasi. Ukitaka spishi, soma jenomu nzima na utumie ANI (wastani wa ufanano wa besi kati ya jenomu mbili), kizingiti kikiwa asilimia 95 hadi 96. Na usishtuke Shigella ikiangukia ndani ya E. coli. Kwa jenomu, ndipo ilipo. Majina yametenganishwa kwa sababu za kitabibu.

Dhana: Jeni ya usugu ikionekana, bakteria ni sugu, isipoonekana, dawa itafanya kazi

Nusu zote mbili si sahihi. E. coli wa kawaida ana ampC, jeni ya kuvunja dawa za jamii ya penisilini, kwenye kromosomu, na bado ampisilini inamuua kwa sababu jeni hiyo inanong'ona tu. Badiliko la besi moja kwenye promota (swichi ya jeni), nafasi ya -42, linaipandisha sauti. Ukitafuta "ipo au haipo" huoni tofauti yoyote. Kwa upande wa pili, usugu wa siprofloksasini mara nyingi ni asidi amino moja kwenye gyrA, nafasi ya 83, serini kuwa lusini. Orodha ya jeni za kuazima haiwezi kuinasa, mpaka uwashe pia utafutaji wa mabadiliko ya nukta. Bakteria Klebsiella iliyopoteza porini (protini ya tundu kwenye utando) ya OmpK36 nayo haina jeni mpya ya kukuonyesha, imefunga mlango tu. Kabla ya kuandika neno "sugu" angalia urefu uliofunikwa: jeni iliyopatikana kwa asilimia 60 mwishoni mwa kontigi inaweza kuwa nzima iliyokatwa na muunganisho, au mzoga uliopasuliwa na mfuatano wa kuhamahama (IS). Kipimo cha MIC (kiwango kidogo kabisa cha dawa kinachozuia bakteria kukua) kwenye mchuzi bado kina kazi.

Dhana: Jina lililo juu kwenye BLAST ndilo kazi ya protini

BLAST hutafuta mifuatano inayofanana kwenye hifadhidata, na jina la juu ni lile ambalo mtu mwingine naye alinakili kwa mwingine. Ufanano wa asilimia 35 kwenye asidi amino 60 kati ya 400 unakuambia protini hizo zina domeni moja ya pamoja, basi. Thamani ya E (idadi ya mifanano kama hiyo inayotarajiwa kwa bahati tu) nayo hubadilika na ukubwa wa hifadhidata, kwa hiyo usilinganishe ya mwaka huu na ya miaka mitano iliyopita. Kanuni yangu: chini ya asilimia 40 ya ufanano, au chini ya asilimia 80 ya urefu, usinakili namba ya EC (msimbo wa kazi ya kimeng'enya). Andika "protini isiyojulikana kazi". Si aibu.

Dhana: MALDI-TOF inasoma protini

Mashine hii ya kutambua bakteria haisomi mfuatano wowote. Inapima tungamo za protini kati ya daltoni 2,000 na 20,000, nyingi zikiwa za ribosomu, kisha inalinganisha mchoro wa vilele na maktaba. Spishi isiyokuwamo kwenye maktaba haitatajwa, hata koloni iwe safi vipi.

Dhana: Protini isiyo kwenye orodha ya proteomiki haimo kwenye seli

Kwenye proteomiki (upimaji wa protini za seli kwa pamoja), kimeng'enya cha tripsini hukata protini baada ya lisini na arginini, na mashine inapenda peptidi (vipande hivyo vya protini) za asidi amino 7 hadi 30 hivi. Protini ya utando yenye mikanda mirefu isiyo na lisini wala arginini hutoa peptidi ndefu zinazogandia kwenye mirija. Protini fupi yenye asidi amino 50 inaweza isitoe hata peptidi moja inayofaa. Kutokuonekana si ushahidi wa kutokuwepo, na hata kuonekana kuna kasoro yake: kwa kizingiti cha makosa cha asilimia 1, orodha ya protini 2,000 inabeba takriban 20 za uongo, ndiyo maana inafaa kudai peptidi mbili za kipekee kwa kila protini unayotaka kuitolea hoja.

Hifadhidata ya kutafutia iwe ya bakteria wako mwenyewe, iliyotabiriwa kutoka kwenye jenomu yake. Ukitumia ya kiwakilishi cha spishi, kila peptidi yenye asidi amino moja tofauti inapotea kimyakimya. Na iongezee keratini za ngozi na nywele pamoja na tripsini yenyewe. Ukiziacha nje, mchoro wa keratini hautatoweka: programu itautafutia peptidi ya bakteria iliyo karibu nao na kukupa jina.